Mama Katoroshwa kwa Guta

Wiki iliyopita tulimwacha wakili Gaspare Cascio amesimama kwenye ngazi ya basi la watalii pale Segesta, kikaratasi mkononi, uso umempauka kama shati lililolala kwenye jiki. Mwongoza watalii, Iolanda, alikuwa amehesabu abiria mara tatu, na mara tatu akapata thelathini na mmoja badala ya thelathini na wawili. Kiti namba kumi na nne kilikuwa kitupu. Aliyekosekana alikuwa Bi Nunzia, mama mzazi wa wakili, mjane wa miaka sabini na minane mwenye goti bovu.

Kikaratasi kilisema hivi:

"Gaspare, usinitafute. Nimetoroshwa. Usisahau kula. Mama."

Wakili alikusudia kukisoma kimoyomoyo. Lakini mtu aliyekula miaka ishirini na mitano mahakamani hajui tena kusoma kimoyomoyo. Basi zima lilisikia.

Halafu, kutoka viti vya nyuma, mtu mmoja akaanza kupiga makofi.

"Nani huyo anapiga makofi?" wakili akafoka.

Wakaongezeka watano.

Kwa msomaji aliyezaliwa juzi: kwetu Sisilia, enzi za bibi zetu, kijana aliyekataliwa posa hakukaa chini akalia. Alimtorosha binti, wakalala mbali na nyumbani usiku mmoja tu, na kulipokucha wazazi walewale waliokataa walikimbia kanisani wenyewe kupanga tarehe ya ndoa. Usiku mmoja ulifanya kazi ambayo mshenga angehangaika nayo mwaka mzima. Mila hii haiandikwi kwenye vijarida vya watalii. Humo wanaandika mahekalu.

Na likizo hii ilikuwa wazo la wakili, maana katika ukoo wa Cascio mawazo yote ni ya wakili. Siku saba kukizunguka kisiwa kwa basi, kutoka Palermo kurudi Palermo, ili mama aiage Sisilia vizuri. Jumapili safari inakwisha. Jumatatu anapandishwa ndege kwenda Bergamo, kaskazini kabisa, akaishi na mwanawe na mkwewe Ornella mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa ameshatayarishiwa chumba kizuri sana, chenye dirisha linalotazama dirisha la jirani. Kilikuwa chumba cha kupigia pasi. Meza ya pasi ingebaki humohumo, lakini mama angezoea.

Nyumba yake ya Partanna ilikuwa imeshapata mnunuzi. Tetemeko la mwaka sitini na nane liliangusha nusu ya mji na nyumba ile likaishindwa. Gaspare aliiweza kwa simu mbili.

Mama aliulizwa? Swali zuri, msomaji. Hakuna aliyelifikiria.

"Nawapigia polisi," wakili akatangaza, na akapiga, na kwa ukarimu wake akaweka sauti ya juu ili sote tufaidike.

"Mama yangu ametoroshwa!"

"Pole sana," akajibu ofisa. "Ana umri gani?"

"Sabini na minane."

"Na mtoroshaji?"

"Simjui!"

"Kuna alama za mapambano? Damu? Kelele?"

"Ameacha barua."

"Mtoroshaji?"

"Mama!"

"Inasemaje?"

Wakili akasoma, mpaka pale pa kula. Ofisa akakohoa, kikohozi cha mtu aliyeziba simu kwa kiganja ili acheke na wenzake.

"Bwana wakili, sheria unaijua kuliko mimi. Utu uzima unaanza miaka kumi na minane. Mama yako ameipita kwa sitini. Na wewe je, umekula?"

Simu ikakatwa. Nani aliikata, wakili hajasema mpaka leo.

Hapo ndipo dereva Vito, mtu wa Mazara, mnene, mpole, aliyekuwa anakula mkate wenye ufuta nyuma ya usukani, alipofuta mdomo na kusema kwa utulivu, "Wamepita njia ya Trapani."

Wakili akageuka taratibu. "Nani wamepita?"

"Bi Nunzia na yule mzee. Kwa guta la magurudumu matatu. La buluu. Mzee amevaa tai, amejinyoa vizuri. Nikawabebea sanduku."

"Ukawabebea sanduku!"

"Mama wa watu ana goti bovu. Ulitaka abebe mwenyewe?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga picha nguzo, bwana wakili. Ulisema mtu asikusumbue."

Ni kweli alisema. Hekalu la Segesta lina nguzo thelathini na sita, na wakili alikuwa amezipiga picha zote, moja moja, kana kwamba alitaka kuzifungulia mashtaka.

"Guta lilikuwa na maandishi?" Ornella akauliza. Ornella ni mwanamke wa kaskazini, mrefu, asemaye maneno machache kwa siku, na msomaji wangu namwomba amwangalie vizuri mwanamke huyu.

"Ubavuni limeandikwa Bonafede, Chumvi na Vitunguu Saumu, Nubia," Vito akasema. "Namba ya simu sikuiona vizuri, sikuishika."

"Twende Nubia," wakili akaamuru.

"Ratiba inasema Erice," Iolanda akapinga. "Saa tano na nusu, kanisa kuu. Saa sita na robo, ngome. Mimi nina ratiba."

"Binti yangu," akasema Bi Assunta, msusi mstaafu wa Ragusa aliyekaa kiti cha mbele tangu siku ya kwanza na hajakubali kumpisha mtu, "ile ngome imesimama miaka mia tisa. Itasimama mpaka kesho. Huyu mama akifika kitandani, sisi tutakuwa tumekosa kila kitu."

"Mama yangu hafiki kitandani kwa mtu!" wakili akapaza sauti.

"Ndiyo maana tuwahi, mwanangu."

Wakapiga kura. Erice ilipata kura moja, ya Iolanda. Watu thelathini waliosafiri mamia ya kilomita kuyaona magofu ya Wagiriki waligundua kwamba kumbe walichokuwa wanataka ni umbea.

Karibu na Fulgatore wakaliona. Guta la buluu, linapanda mlima kwa tabu, moshi mweusi, nyuma limefunikwa turubai.

"Mzibie njia!" wakili akapiga kelele.

Vito, ambaye hajawahi kuzibia mtu njia maishani, alizima taa za kushoto, akawasha za kulia, akasimama katikati ya barabara. Wakili akaruka chini na kulivuta turubai kwa mikono miwili.

Matikiti.

Mkulima akatoka, mikono juu, macho yamemtoka. "Bwana, chukua yote! Usinipige!"

"Mama yangu yuko wapi?"

Mkulima akayatazama matikiti, akamtazama wakili, akayatazama tena matikiti. "Ana ukubwa gani, huyo mama?"

Abiria walicheka mpaka Paceco. Wakili alirudi kwenye kiti chake. Ornella alitazama nje ya dirisha, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mumewe alidhani analia. Akampapasa mkono kumbembeleza.

Nubia ni majaruba ya chumvi, vinu vya upepo, na nyumba chache zilizojikunja kukwepa jua. Guta lililotafutwa lilikuwa kivulini mwa nyumba ya mwisho, limeegeshwa vizuri, na kwenye kioo limechomekwa ua. Wakili aliliona lile ua akalichukia kuliko guta.

Akagonga mlango kwa ngumi. Ukafunguliwa kabla hajagonga mara ya pili.

Mzee aliyefungua alikuwa mkavu, mrefu, mwenye mikono iliyochanikachanika kwa chumvi, tai shingoni na mwiko mkononi. Calogero Bonafede, miaka themanini na mmoja. Watu wote wa Nubia humwita Lillo.

"Karibuni," akasema. "Vueni viatu, nimepiga deki."

"Mama yangu yuko wapi?"

"Anakula. Wewe umekula?"

Wakili alipita kwa nguvu, na viatu. Nyuma yake wakapita Ornella, bila viatu, halafu Iolanda na ratiba yake, na Vito. Abiria wengine, watu wenye heshima zao, hawakuingia. Walijipanga dirishani.

Bi Nunzia alikuwa mezani, leso kifuani, mbele yake sahani ya kuskusi na mchuzi wa samaki ambao harufu yake ilimfanya Vito, aliyekuwa amekula mkate dakika arobaini zilizopita, kumeza mate kwa sauti.

"Mama. Chukua mkoba. Twende."

"Gaspare, salimia mwenye nyumba kwanza."

"Mama!"

"Sikukulea hivyo."

Wakili akageuka kwa mzee, akavuta pumzi. "Wewe mzee, unajua hiki ulichofanya kinaitwaje kisheria?"

"Chakula cha mchana," akasema Lillo, na akaongeza samaki kwenye sahani ya Bi Nunzia.

Dirishani mtu akacheka. Basi wakili akafanya alichofanya siku zote akishindwa kwa hoja moja: akatafuta nyingine.

"Sawa," akasema, akifunga kifungo cha koti. "Tufuate mila, kama mila ndiyo mnayoitaka. Mila inadai usiku mmoja. Bila usiku, hakuna kutoroshwa. Sasa ni saa saba na robo mchana. Kwa hiyo kimila mama hajatoroshwa. Ametembezwa tu kwa guta. Anarudi kwenye basi, na suala limekwisha."

"Ana hoja!" Bi Assunta akasema kutoka dirishani.

"Wewe msusi uko upande gani?" Bi Nunzia akamuuliza bila kugeuka.

"Upande wako, dada. Lakini hoja ni hoja."

Bi Nunzia akaweka kijiko chini. Akaifuta midomo pole pole, pembe hii, na pembe ile. Wale waliomzoea kwenye basi, bibi kimya wa kiti namba kumi na nne anayegawa peremende, hawakumtambua.

"Kaa, Gaspare."

"Nitasimama."

"Simama basi. Nilipokuwa na miaka kumi na minane, baba yangu aliniambia naolewa na nani, na nitakaa wapi. Sikumlaumu, ndivyo walivyokuwa. Mwaka huu umenipigia simu ukaniambia nitakaa wapi, nitalala chumba gani, na nyumba yangu anachukua nani. Ulisema kwa upole. Baba yangu naye alikuwa mpole. Hebu nisaidie wewe uliyesoma: mimi zamu yangu ni lini?"

Wakili akakifungua tena kifungo cha koti.

"Mama, mimi nakutaka Bergamo kwa sababu ulianguka bafuni ukakaa chini saa tatu peke yako. Hukuniambia. Niliambiwa na mwenye duka la mkate." Dirishani vicheko vikakoma. "Tangu siku ile nikisikia simu usiku, moyo unasimama. Unadhani napenda kukuhamisha? Mimi naogopa."

Bi Nunzia akamtazama mwanawe.

"Kuogopa naelewa," akasema. "Lakini uoga ni wako, mwanangu. Usinipakie mimi kwenye ndege."

"Na huyu? Humjui huyu!"

"Namjua kabla hujazaliwa. Mwaka jana tulikutana mazishini Trapani, mke wake ana miaka sita kaburini. Tumeandikiana barua. Ana chumba chini, hakuna ngazi, bafuni ameweka vyuma vya kushikia ukutani. Vinne. Wewe Bergamo umeweka vingapi?"

Bergamo palikuwa na meza ya pasi.

"Nani amekusaidia mpango huu?" wakili akauliza ghafla, akili ya mahakamani imemrudia. "Ulijuaje basi litasimama Segesta muda gani? Mzee huyu alijuaje aje saa ngapi? Simu yako huwezi hata kuiwasha. Kuna mtu."

Macho yake yakaanza safari chumbani. Yakampita Iolanda, aliyekuwa amekumbatia ratiba kama mtoto. Yakampita Vito.

"Mimi sanduku tu," Vito akasema haraka.

Yakafika kwa Ornella, naye hakukwepa.

"Wewe?" wakili akanong'ona.

"Mimi," akasema Ornella.

Msomaji, nilikwambia umwangalie.

"Nani alichagua safari ya basi wakati wewe ulitaka hoteli ya Taormina?" Ornella akaendelea, kwa ile sauti yake kavu. "Nani alikwambia asubuhi ya leo kwamba picha za nguzo zinatoka vizuri ukipiga moja moja?"

"Ornella!"

"Nitasema ukweli wote, ili nisijifanye mtakatifu. Sikutaka mama mkwe aje kukaa kwetu. Nilikwambia mara tatu, ukasema nitazoea, kama ulivyosema yeye atazoea. Lakini Pasaka alipokuja kututembelea, nilimkuta kwenye kile chumba anakipima kwa hatua. Nne kwa urefu, tatu kwa upana. Halafu akaniuliza kama kuku wanaruhusiwa kwenye roshani. Sikuweza kulala."

Bi Nunzia akanyoosha mkono juu ya meza, akaushika wa mkwewe. Hawa wawili, kwa miaka ishirini na minne, walikuwa hawajakubaliana hata juu ya namna ya kuchemsha tambi.

Wakili Gaspare Cascio akawatazama mama yake na mkewe. Akautazama ukuta, na kupitia mlango ulioachwa wazi akakiona chumba cha chini, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, na bafuni vile vyuma vinne vinang'aa. Akaenda mwenyewe. Tukamsikia akivivuta kimoja kimoja kwa uzito wake wote, kama mtu anayetamani kitu king'oke. Hakikung'oka hata kimoja.

Alirudi, akatoa mfukoni kikasha cha dawa, akakiweka mbele ya Lillo.

"Nyeupe asubuhi, kabla ya kula. Ya njano mchana. Hii ndogo akiwa anaenda kulala, na atakwambia ameshameza. Usimwamini."

"Simwamini," akasema Lillo.

"Na mimi nitapiga simu kila siku."

"Mimi ndiye nitakayepokea. Yeye hawezi kuiwasha."

Dirishani makofi yakalipuka. Bi Assunta analia waziwazi, Vito anapewa sahani, Iolanda anaikunja ratiba mara nne na kuitia kwenye mkoba. Ingekuwa hadithi ya gazeti jingine, hapa mngeletewa kinanda na keki.

Lakini Bi Nunzia hakuwa anatabasamu.

"Sasa nimepewa ruhusa," akasema, macho yake kwa mzee. "Na mimi nina sharti langu. Barua arobaini na moja umeniandikia, Lillo. Chumvi, vitunguu, mvua, goti lako, goti langu. Jambo moja hukuligusa. Mwaka sitini na tatu tulipanga kutoroka kwa treni ya asubuhi. Nilikaa stesheni ya Castelvetrano na kifurushi changu tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka kaka zangu waliponikuta mchana. Hukuja. Silali kwenye kile kitanda kabla sijajua kwa nini."

Lillo akaweka mwiko mezani.

"Nilikuja," akasema.

"Usinidanganye."

"Ulivaa koti la kijivu la mama yako, na kifurushi ulikikalia. Nilikuwa ng'ambo ya reli, nyuma ya behewa la mizigo. Nilikuona kuanzia treni ya kwanza mpaka kaka zako walipofika."

"Uliniona. Ukakaa."

"Nilishikwa mkono. Sikuwa peke yangu, Nunzia. Nilikuwa na rafiki yangu aliyekuja kutusindikiza. Yeye ndiye aliyeniambia jambo lililonifunga miguu."

"Rafiki gani?"

Mzee akamtazama wakili kwa haya, kisha akatazama sakafu yake iliyopigwa deki.

"Marehemu," akasema. "Mumeo."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Ornella alishika ukingo wa meza.

"Baba?" Gaspare akasema. "Baba yangu alikuwa pale?"

"Nitasema alichoniambia," Lillo akasema. "Nimekibeba miaka sitini, sikitaki tena. Ila kijana atoke nje kwanza. Haya si ya mtoto kuyasikia."

Kijana huyo, mwenye miaka hamsini na miwili, mvi, na ofisi ya watu sita, hakutoka. Aliinama, akavua viatu, akaviweka mlangoni. Akavuta kiti karibu na cha mama yake, akakaa.

Bi Nunzia alimtazama, kisha akamgeukia mzee.

"Sema, Lillo," akasema. "Mwanangu ameshakuwa mtu mzima."

Alichosema Lillo, msomaji, tutakisikia wiki ijayo.